Laptop Niliyomchagulia Shemeji

Salaam aleikum admin. Tafadhali ficha jina langu kabisa, maana ukurasa huu unasomwa mpaka na majirani zangu hapa Bulla Pesa, Isiolo. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, sijaoa, naishi kwa kaka yangu mkubwa ambaye ni mfanyabiashara wa mifugo. Baba alipofariki, ni yeye aliyenilea na kunisomesha. Nayaandika haya, na sijui kama mkimaliza kusoma mtanihurumia. Mimi mwenyewe sijihurumii.

Ugonjwa wangu ni kompyuta. Sina duka wala cheti, ni mapenzi tu. Nafungua laptop mbovu, nafuta vumbi, nabadilisha vipuri, kisha naenda kujigamba kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wapenda kompyuta, ambako tunashindana mashine ya nani inawaka haraka zaidi. Mtu akitaka kununua laptop mtaani kwetu, anaambiwa aje kwangu kwanza. Huwa nawaambia wasidanganywe na kitu kipya cha bei rahisi kinachong'aa, kwa joto na vumbi la Isiolo hakimalizi mwaka. Bora ile iliyotumika ofisini, nzito kidogo, lakini ubonyeze kila kitufe, ufungue na kufunga kioo uone kama kinalegea, na usikilize feni.

Mwaka jana shemeji yangu, mke wa kaka, alianza kusomea ualimu wa chekechea. Kaka hakutaka. "Mama wa watoto wawili na shule, wapi na wapi?" Ni mimi niliyembembeleza mpaka akalainika, akakubali nimchagulie mkewe laptop. Nilipata moja safi sana kutoka Nairobi. Ndani yake ilikuwa na diski ya kisasa, ile sehemu inayohifadhi kila kitu, yenye kasi niliyokuwa nikiiota. Diski yangu ilikuwa ya zamani, imeanza kugongagonga, na siku moja kompyuta ilishanionya kwamba inakaribia kufa.

Nilikaa na laptop ya shemeji siku mbili, ati naikagua. Ndugu zangu, nilibadilisha. Diski yake nikaiweka kwenye mashine yangu, yangu mbovu nikaitia kwenye yake. Nilijiambia yeye ni wa kuandika tu, hatajua tofauti. Alipouliza mbona inachelewa kuwaka, nilimjibu, "Shemeji, za kutumika ndio ziko hivyo, vumilia." Akanishukuru. Jioni hiyo nilituma kwenye kikundi video ya laptop yangu ikiwaka, wakanimwagia pongezi.

Kwa miezi minane shemeji aliandikia mradi wake wa mwisho kwenye laptop hiyo. Alikuwa akienda kwao Kinna kukaa na kina mama wazee, akikusanya michezo na nyimbo za kuhesabu za watoto wa Kiborana ili zifundishwe chekechea. Wiki tatu zilizopita kioo kikawa cheusi. Aliniletea imefungwa kwenye leso, akilia. Nilijua hata kabla sijaifungua. Nilituma ile diski kwa siri kwa mtaalamu Nairobi, akasema ndani imekwaruzika, hakuna kinachotoka. Alichobaki nacho shemeji ni kurasa chache za mwanzo alizowahi kumtumia mwalimu wake.

Kaka alituita sebuleni. "Hii kitu imeanguka ama haijaanguka?"

"Wallahi haijaanguka," shemeji akasema. "Watoto hata hawaigusi. Uliza ndugu yako, yeye ndio anajua."

Kaka akanigeukia. "Haya, fundi, sema."

Nikasema, "Inakaa ni kama iligongwa."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Shemeji aligeuka akanitazama. Kaka alisimama akamwambia, "Kumbe unaweza kunitajia Mungu kwa uongo." Tangu siku hiyo amemkataza masomo, na wakiwa nyumbani haongei naye ila kupitia watoto. Chakula anachonipakulia shemeji hakinishuki. Mwanamke mkweli amekuwa mwongo mbele ya mumewe, naye bado ananiuliza kama nimeshiba.

Mtasema niende tu nikatubu. Namjua kaka yangu. Kuna mchungaji wake aliyeuza mbuzi mmoja bila ruhusa, na mpaka leo akimkuta sokoni hamjibu salamu. Mimi ni ndugu yake wa damu, nimeiba ndani ya nyumba yake, kisha nikamsingizia mkewe. Atanifukuza, na mtaa mzima utaanza kujiuliza nilitoa nini kwenye laptop zao. Haki sijawahi kugusa ya mtu mwingine, lakini nani ataniamini? Kuna siku nimefika mpaka mlangoni kwake nikarudi. Nimekonda, silali, na kile kikundi cha WhatsApp nimejitoa.

Nilidhani labda siku zitapita na yatasahaulika. Halafu jana shemeji akanitumia ujumbe huu, naunakili kama ulivyo: "Shemeji, najua ulisema vile ndio usigombane na kaka yako, sina kinyongo. Chuo wameniongezea muda kidogo tu. Nimeuza mbuzi zangu za Kinna. Nichagulie laptop ingine kimya kimya, siamini mtu mwingine. Lakini hii mara nitakaa hapo kando yako ukiikagua, nijifunze kujua ile imechezewa."

Sijamjibu mpaka sasa. Laptop ninayoandikia imewaka upesi kama kawaida, na diski iliyo ndani ni yake. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mnishauri kwanza. Akija akiketi hapo kando yangu, nimwambie nini?