Horace Thwaite na Presha Inayoshuka

Mimi na Horace Thwaite tunatenganishwa na ukuta mmoja tu hapa Barnsley, na ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo mtu asiniite mbea. Nasikia kwa sababu nina masikio.

Horace ni dereva wa basi mstaafu, mbishi, na kwa ubahili ametushinda mtaa mzima. Majira ya baridi yaliyopita boila yake ya kupasha nyumba ilianza visa. Asubuhi anaiongeza maji mpaka mshale wa presha usimame panapotakiwa. Kesho yake mshale umelala, rejeta za ukutani, zinazopitisha maji ya moto ya boila, zimepoa, na mkewe Enid anakunywa chai akiwa na koti.

"Muite fundi, Horace."

"Fundi wa nini? Aje anywe chai yangu halafu aniambie maji yanavuja? Hilo mbona najua!"

"Haya. Jumamosi nahamia kwa dada Mavis. Kwake kuna joto."

Hapo Horace aliogopa kwelikweli. Tangu waoane hawajalala mbalimbali, na hata yai hajui linachemshwaje.

Akaanza msako. Akang'oa zulia, akainua mbao za sakafu, akafunga karatasi za chooni kwenye kila kiungo cha bomba aone ipi italowa. Nyumba nzima ikawa na bandeji. Hakuna iliyolowa. Akanigeukia mimi, eti namnyonya maji kupitia ukutani! Nilimjibu maneno ambayo hapa siyaandiki.

Na katika vurugu zote hizo hakuacha desturi aliyofunzwa na baba yake. Kila jioni kabla ya kula, huzungukia rejeta na kifunguo cha shaba, kutoa upepo ulionaswa ndani.

"Upepo ndio adui," husema.

Anafungua, fsss, kisha anasubiri maji yajaze kikombe, apate uhakika. Kumwaga maji hayo ni dhambi kwake, kwa hiyo hulimwagilia ua la chungu ambalo Enid aliachiwa na mama yake.

Ijumaa Enid, sanduku tayari, alikwenda kuliaga ua. Alilikuta limenyauka, udongo mweusi tititi.

"Horace! Hili ua unalinywesha nini?"

"Maji tu, mama. Ya rejeta. Yasipotee bure."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kikombe kwa kila chumba."

Nikasogeza sikio ukutani.

"Horace, mume wangu. Hayo maji unayoyatoa jioni, na yale unayoyaongeza asubuhi..."

"Ndiyo?"

"Fikiri. Taratibu."

Akahesabu vikombe kwa sauti, chumba baada ya chumba. Kisha nikasikia, "Ala!" na Enid akacheka mpaka akalikalia sanduku, likabonyea.

Kwa Mavis hakwenda. Kifunguo amekificha, na mshale hauteremki tena. Lakini jioni bado namsikia Horace akigonga rejeta kwa ukucha.

"Enid, humu kuna upepo."

"Upo kichwani mwako. Kaa ule."