Kidole Cheusi cha Getini

Polisi wa geti la nyumba ninayopikia huku mtaani Kiriri ana kidole kidogo cheusi, nami nimeshaacha kumshauri sabuni. Kila Jumamosi asubuhi hutandika kitenge chakavu nje ya jiko langu, huelekeza mtutu wa bunduki yake kwenye gunia la mchanga, hutoa magazini, huvuta mtambo nyuma na kuchungulia. Halafu hukichomeka kidole kile ndani ya chumba cha risasi, macho kayafumba kama mtu anayeonja mchuzi. Kidole kikiridhika ndipo vipande huanza kutoka, na mimi nasahau sufuria, maana mikono ile ikifuta, ikipaka mafuta na kurudisha kila kimoja mahali pake, moyo wangu hucheza ngoma!

Jumamosi iliyopita mwenzake wa cheo cha chini, Xavier, akimaliza zamu, alimkabidhi bunduki huku anacheka.

“Shefu, fungua tu. Iko tupu, nimeangalia mi mwenyewe.”

“We umeangalia. Kidole yangu bado haijaangalia.”

Akatoa magazini, akavuta. Kitu cha njano kikaruka juu, kikatua tubwi ndani ya beseni langu la mchicha wa lengalenga! Nilipiga ukelele hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Shefu wake aliipapasa risasi kwenye majani, akamfumbatisha Xavier mkononi, kisha akaanza upya: akavuta, akachungulia, akachomeka kidole.

“Leta yako,” akamwambia.

Xavier akachomeka chake. Kikatoka cheusi.

“Sasa iko tupu,” shefu wake akasema.