Rulo Iliyopakwa Mawese

Niliondoka Luvungi kwa sababu ya makapi ya mpunga. Wasiokoboa hudhani makapi ni kitu laini cha kulalia kuku. Waniulize mimi. Yanatafuna chuma kama msasa, na msimu ule yalikuwa yamemaliza rulo ya mashini yangu, lile gogo la chuma linalozunguka ndani na kumenya punje. Mchele ukawa unatoka nusu umevunjika, nusu bado umevaa koti. Na Jumamosi binti yangu Furaha alikuwa anaolewa. Ng'ambo ya barabara shemeji yangu Sadiki, mdogo wa marehemu mume wangu, ana mashini yake, naye alikwisha kutangaza sokoni kwamba mchele wa harusi atakoboa yeye, maana yangu imezeeka. Afadhali wageni wale mihogo.

Jumatano asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Uvira, rulo nimeipakata mapajani, nimeifunga kitenge. Kiringye tukasimama kupisha ng'ombe, na mama mmoja muuza nyanya akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamjibu ana miaka sita na meno yote yamekwisha. Akanipa pole ya kweli kabisa, pamoja na nyanya mbili. Sikumrudishia.

Uvira, karibu na bandari ya Kalundu, nilimkuta fundi Amisi kwenye atelye yake ya kutengeneza vyuma vya mashua. Ni mtu wa kujisifu, lakini anaeleza vizuri. Kwanza anakipiga chuma mchanga kwa hewa ya kompresa mpaka uso wake ukwaruzike. Kisha anachukua bunduki yake, ambayo inayeyusha unga wa chuma kigumu ndani ya mwali wa moto na kuurusha. Matone yanajibandika, tabaka juu ya tabaka, mpaka chuma cha zamani kinavaa ngozi mpya ambayo makapi yataitafuna kwa shida.

Akaipiga mchanga. Nilipoiona nililalamika, maana imekuwa kama goti la mtoto aliyeanguka njiani. Akaniambia ndivyo inavyotakiwa, ngozi mpya ipate pa kushika. Mara umeme ukakatika. Akasema niiache mpaka urudi. Niache chuma changu kwenye atelye ya mtu? Sisi watu wa bondeni tumeona vyuma vingi vikiota miguu. Akaguna, akaifunga kwa karatasi safi.

"Mama, usiiguse na mikono," akasema. "Hata jasho inaharibu."

Mchana nilikwenda mtaa wa Mulongwe kwa shangazi, dada ya baba. Shangazi amezeekea kando ya ziwa, na kwake hakuna chuma kinacholala bila kupakwa mawese: panga, jembe, hata bawaba za mlango. Ukifika kwake na jembe lako utaondoka nalo linang'aa, ndiyo heshima anayompa mgeni. Mimi nilijua hayo tangu utotoni, lakini njaa ilinisahaulisha kumwonya. Nikala bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, nikajinyoosha kidogo mkekani. Nilipoamka, rulo ilikuwa barazani, karatasi pembeni, inang'aa kama bwana harusi.

"Nimekupakia," akasema. "Ngozi yake iko mbaya sana, miye nikaionea huruma."

Nilitaka kulia. Nikaisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa majivu, na kadiri nilivyosugua ndivyo mafuta yalivyozidi kuingia kwenye mikwaruzo.

Alasiri umeme ulirudi, nasi tukarudi Kalundu, shangazi akinifuata nyuma. Fundi akafungua karatasi, akanusa.

"Mama, hii ni rulo ao ni sombe?" Sombe ni majani ya mihogo, nayo kwetu hupikwa kwa mawese.

Akatueleza kwamba ngozi ikiwekwa juu ya mafuta itabanduka kama plasta kwenye ukuta wenye maji, na vipande vitaishia kwenye wali. Kisha akasema nirudi wiki ijayo, kuna mwenye mashua anangoja. Nikamweleza habari ya harusi. Hakutikisika. Nikamweleza habari ya Sadiki. Hapo akaweka chini chuma cha mashua, akaniuliza huyo shemeji anaongeaongea sana? Kumbe na yeye anaye wa kwake.

Akaiunguza mafuta yakatoka, akaisafisha, akaipiga mchanga upya. Shangazi alisimama kando yake, mikono mgongoni, akimfokea kila aliyekaribia asiiguse. Bunduki ilipowaka, cheche zikaruka atelye nzima, na rulo ikaanza kuvaa rangi ya kijivu taratibu. Shangazi akasema kumbe hata moto unapakwa.

Alhamisi nilirejea Luvungi, na Ijumaa asubuhi nikaifunga rulo mashinini. Mchele ukatoka mweupe, mzima, punje kwa punje. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kufika saa sita foleni ilikuwa imefika barabarani.

Ndani ya foleni nikamwona Sadiki, gunia begani. Siku nilizokuwa safarini kijiji kizima kilihamia kwake, akakoboa bila kupumzika ili watu waone, na makapi yakamalizia rulo yake kama yalivyomaliza yangu. Gunia lilikuwa zawadi yake ya harusi, bado mpunga.

"Shemeji," akasema akitazama chini, "yangu imekufa. Unikoboleye."

Njia nzima kutoka Uvira nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Lakini safari ile ilinifundisha kwamba chuma ukikitengeneza vizuri, huna haja ya kusema kitu. Nikamwita apite mbele ya wote. Gunia lake nikalikoboa polepole, ili kila mtu apate nafasi ya kuona ni la nani.