Sare Mbili za Riziki

Nakumbuka siku moja hapa mjini kwetu Baraka, mwanangu, Jumamosi ya manyunyu, ziwa limefunikwa na ukungu hata usijue maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Siku hiyo binti yangu Riziki, wa miaka minane, aliniuliza swali ambalo hadi leo likinijia naacha ninachofanya.

Mimi nilisomea ukimbizini, ng'ambo ya ziwa, tena nusunusu. Tuliporudi nikaapa kwamba huyu atasoma kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Kwetu shule nyingine hufundisha asubuhi, nyingine mchana. Basi kwa ujanja wangu nikamwandikisha zote mbili. Cheka tu. Sare mbili kwenye mfuko mmoja, anabadilisha nguo njiani, nyumbani kwa shangazi yake. Jioni kwaya ya watoto, kisha kazi za shule. Majirani wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi hiyo kwaya iliahirishwa. Riziki akakaa mlangoni, viatu miguuni, akingoja. Nikamwambia aende acheze. Hakuinuka.

"Mama," akasema polepole, "kucheza banafanyaka aje?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaelewa: mtoto wa miaka minane hajui watu huchezaje. Mama mkwe wangu alikuwa kando akichambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Hakuinua macho.

"Myaka yako ilipotea mu ukimbizi," akasema. "Usiitafute mu huyu mutoto."

Nililia, mwanangu, wala sikuona haya. Jumatatu nikamtoa shule ya mchana. Kwaya nilimwachia, maana aliipenda. Wiki mbili nzima kila mchana alikaa tu mchangani akitazama maji, amezama katika mawazo yake, nami nikihofu kwamba nimeshamharibu. Kisha nikamsikia akigombana na wenzake, nani awe mama katika mchezo wao. Sijawahi kufurahia ugomvi namna ile.

Sasa nawe una watoto wako, nami nakuona unavyowakimbiza, kutoka darasani hadi mpirani hadi kwa mwalimu wa Kifaransa. Wasome, tena wasome sana. Waimbe, wapige mpira. Lakini kila siku waachie saa yao wenyewe, na usiwaulize wameifanyia nini. Lile ulilokosa wewe, lilie mwenyewe, usimtume mtoto akakutafutie.

Mungu akutunzie hao watoto. Wachoke kwa kucheza, mwanangu, wasikuchoke wewe kamwe.