Siku Niliyoifukiza Kompyuta Ubani

Mpaka leo nikipita mtaa wa Kuze hakosi mtu wa kuniita "Bi Ubani", nami huitika, maana jina lenyewe nimelipata kwa mikono yangu na aibu yake nilishaimeza zamani. Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikize, kwa sababu mkinichekea katikati nitapotea njia.

Miaka ile ya tisini kompyuta Mji wa Kale wa Mombasa hazikuwa nyingi, na moja ilikuwa dukani kwa Ami Salim, ndugu mdogo wa marehemu babangu, aliyekuwa akichapisha kadi za harusi. Mimi kazi yangu hasa ilikuwa kupaka wari hina na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo (bi harusi wa Kuze ambaye hakupakwa na Rukia alikuwa kama hajaolewa, nasema mwenyewe kwa sababu wenye kunisifu hawapo hapa), lakini asubuhi nilikuwa nampigia Ami chapa, na ile mashine nikaipenda mapenzi ya ajabu, jioni naifunika kanga ya jozi niliyoinunua Biashara Street, nyumbani mwenyewe najifunga kuukuu. Ami alikuwa amechoka na duka. Alipokwenda Malindi matangani alituambia kwamba akirudi ufunguo atampa mmoja wetu, ama mimi ama Twalibu, mpwa wa mkewe, na Twalibu alikuwa hafichi: kompyuta angeiuza na duka lingekuwa la kukodisha kanda za video. Kwa hiyo niliutaka ule ufunguo kama mgonjwa atakavyo maji. Na Ami, mguu mmoja nje, alinipa agizo moja tu. "Rukia, mashine usiifungue. Ikikorofisha, ningojee."

Haya. Kilichoniponza ni halua. Nilikuwa na mtindo wa kula halua huku napiga chapa, na halua ikidondoka haidondoki peke yake, huita wageni, basi sisimizi wakahamia ndani ya kompyuta na kujenga mji wao. Akaja Bi Khadija, mama wa bi harusi, kutazama mfano wa kadi zake (waalishi wake walikuwa watoke kesho yake kupita nyumba kwa nyumba, na mwalishi hatoki mikono mitupu), na akiwa ameishika ile kadi sisimizi mmoja akajitokeza akatembea polepole juu ya jina la bwana harusi, toka mwanzo hadi mwisho, kama anayelisoma. Bi Khadija akaniangalia. "Rukia, hawa nao nimewaalika?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angefagia meza na kumngojea ami yake. Mimi nilichukua bisibisi. Nilipomwona Bi Khadija ameishia kichochoroni nikaichomoa mashine kwenye umeme (akili hiyo angalau nilikuwa nayo), nikafungua skrubu, nikatoa kifuniko, na kweli nikawakuta, wamejaa pembeni na mayai yao meupe, juu ya madabodi, yaani ule ubao wa kijani ulio moyo wa kompyuta. Kuwapuliza, hawatoki. Na pale mlangoni chetezo kilikuwa bado kinatoa moshi, maana Ami kila asubuhi hufukiza duka kwa kutaka baraka, nami sikutaka baraka ikatike yeye akiwa safarini. Nikajiambia, moshi hufukuza mbu, sembuse sisimizi. Nikakileta chetezo mezani, nikatia ubani, nikaona mdogo, nikatia mwingine, nikashika kipepeo nikapepea moshi uingie ndani ya kompyuta vizuri, huku mkono wa pili nimeshika bisibisi niwachokoe wale wakaidi.

Walitoka. Ubishi sina, walitoka wote, ila njia waliyoichagua ilikuwa ni kupanda bisibisi, toka bisibisi mpaka kwenye mkono wangu, toka mkono mpaka ndani ya buibui, na waliponiuma kwapani mkono ukaruka na bisibisi ikaparura madabodi, krrr, sauti ambayo naisikia hata sasa. Nikalivua buibui nikalitupa, na hapa lazima niwaambie kwamba chini ya buibui mtu huvaa apendavyo, ndiyo raha yake, na siku hiyo nilikuwa nimevaa jezi ya mpira ya kaka yangu yenye namba mgongoni, na kanga kiunoni, basi nikawa naruka dukani namna hiyo, najipiga makofi kwapani, na moshi umejaa unatoka mlangoni na dirishani. Nje mtu akapiga kelele kwamba duka la Ami Salim linaungua. Kichochoro kizima kikamiminika. Twalibu ndiye aliyekuwa mbele, na ndoo aliyoichukua kwa kinyozi wa jirani, na nilipoona anaiinua kuelekea mezani sikuwaza, nikailalia kompyuta kifudifudi, na ndoo yote, maji na povu la sabuni na nywele za ndevu za wanaume nisiowajua, ikanimwagikia mgongoni.

Moshi ulipotulia watu waliniona vizuri. Halafu Bi Khadija akapenya mbele. "Mwanangu," akasema, "kadi zangu zimo humo?"

Mashine haikuingia hata tone. Nikaichomeka, kioo kikawaka, nikashukuru Mungu, halafu ikaandika kwamba haioni kibodi, na nikigonga herufi, kimya. Nikarudia, kimya. Nilitamani kulia na nikalia kidogo, maana niliuona ufunguo ukienda. Twalibu akajifuta mikono taratibu. "Basi, kazi imekwisha," akasema. "Nakwenda kumpigia Ami simu Malindi." Na akaenda kweli, wala hakutembea polepole.

Aliyebaki kunisaidia ni Japheth, Mtaita wa karakana ya reli, ambaye wakati wa mapumziko alikuwa akitutengenezea redio mtaani. Aliinama na kioo cha kukuzia, akatazama pale nilipoparura. "Dada Rukia, usilie, hapakuungua kitu. Unaona hivi vistari? Ndimo umeme wa kibodi unamopita. Umekata vitatu." Nikamwambia aviunge kwa risasi ya kuyeyusha kama anavyounga redio. Akacheka. "Risasi yangu tone moja litavifunika vyote vitatu vishikane, ndipo tutaharibu kweli." Akafikiri, kisha akakumbuka kwamba kwenye duka la spea jirani na karakana yao kulikuwa na kichupa cha rangi ya fedha inayopitisha umeme, rangi ya kuunganisha ile mistari ya kioo cha nyuma cha gari la Kijapani inayoyeyusha barafu. (Barafu, Mombasa. Kichupa kilikuwa kimekaa rafuni mpaka kimeota vumbi, na mwenye duka alituuzia karibu bure kwa furaha ya kuona kinaondoka.)

Tuliporudi, mimi nimelivaa tena buibui langu na adhuhuri imeshapita, wanawake walikuwa hawajaondoka, wamezidi, wamekalia baraza wananingoja kama wanaongoja sinema. Japheth akakwangua rangi ya kijani kwa wembe mpaka shaba ikaonekana, akachovya brashi, akausogeza mkono, akausimamisha, akaurudisha. "Hapana. Ni vyembamba mno, na vimekaribiana. Mimi mkono wangu ni wa reli."

Nikainama nikaangalia. Vistari vitatu, sambamba, vyembamba kama unywele, na baina yake nafasi ndogo. Jamani. Mimi hupaka wari vistari kama hivyo baina ya vidole, kumi kwa mkono mmoja, na mwari mwenyewe anacheka na kutikisika. Machozi yalikauka palepale. Nikasema niletewe ufagio, nikachomoa chelewa moja, nikaichonga ncha kama nichongavyo ya piko, nikakunja mikono ya buibui, nikaketi.

Ndipo Ami, aliyepanda gari la Mombasa mara alipopata simu, akasimama mlangoni na mkoba wake wa safari, Twalibu nyuma yake. Aliangalia maji sakafuni, chetezo, kompyuta iliyo wazi, jezi iliyokuwa ikichungulia shingoni mwangu.

"Wafanya nini?"

"Nimeiharibu, Ami. Sasa naitengeneza."

Twalibu akafungua kinywa, na Ami akamwinulia mkono anyamaze. "Haya," akasema. "Maliza."

Nikazuia pumzi kama nilivyofundishwa na nyanya yangu, kwamba piko haipakwi na mwenye kuhema, nikavuta kistari cha kwanza, nikachovya, cha pili, nikachovya, na cha tatu mkono wangu ulitaka kukimalizia na ua, kwa mazoea, nikauzuia. Twalibu akanyoosha kidole aguse. Nilimpiga kofi la mkono kama ninavyowapiga maharusi. "Hakijakauka," nikamwambia, na wanawake wote wakacheka, wakamcheka yeye.

Tuliacha ikauke. Wakaenda kuswali alasiri wakarudi, na Bi Khadija hakwenda kokote, aliswali papo hapo nyuma ya pazia ili asiniache peke yangu na mashine. Japheth akapima kwa mita yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikawasha. Kioo kikaja, na safari hii hakikunung'unika. Nikaandika jina la bi harusi, herufi moja moja, na kila niliyoigonga ikatokea, na kabla sijamaliza Bi Khadija alipiga kigelegele kilichosikika nadhani mpaka Ngome ya Yesu, na wenzake wakampokea, na printa ikaanza kuguruma na kutoa kadi, moja baada ya moja. Nilisimama mbele ya mtaa uleule ulioniona naruka, nywele za kinyozi bado zimenishika shingoni, na nikajiona mkubwa kuliko siku zangu zote.

Watu walipotawanyika Ami alikaa kitini.

"Nilikwambia usiifungue."

"Ndiyo, Ami."

"Ukaifungua. Ukaifukiza na ubani."

"Nilidhani hata yenyewe yataka baraka."

Akajitahidi asicheke, hakuweza. Twalibu akasema ufundi wa chelewa hautadumu wiki. (Ulidumu mpaka kompyuta yenyewe ilipopitwa na wakati.) Ami akamtazama, kisha akanitazama mimi, akatia mkono mfukoni.

Nimejifunza, nami nawaambia: ukiambiwa usifungue, usifungue, na ukishafungua, moshi uache mlangoni. Halua sasa naila barazani, na tangu siku ile sijafukiza kitu chenye waya, wala sitafukiza mpaka nizikwe. Lakini mkiniuliza kama naijutia, nitawajibu kwa maneno ya Ami, aliyeuweka ufunguo mezani mbele yangu, kisha akanyoosha mkono wa pili.

"Chukua ufunguo," akasema. "Chetezo nipe mimi."