Nilivyokuwa nikimsalimia mwenzangu katikati ya densi ya Uskoti

Wakuu, hamjambo. Mnisamehe makosa ya tahajia. Niliishia darasa la nane, na hii nimeiandika kwa daftari kwanza, kwa mwandiko mbaya, ndiyo nikaihamisha kwa simu. Lakini yote yalinipata mimi mwenyewe.

Mimi ni msichana wa Sironga, nachuma majani chai. Mwaka huu nilijiunga na kikundi cha densi ya Uskoti mjini Nyamira.

Msicheke. Wanaume mstari mmoja, wanawake mwingine, mnatazamana, fidla inalia kwenye spika.

Shida yangu ilikuwa kuzunguka. Mnapeana mkono wa kulia, mnazungukana, na hesabu ya nane ikifika kila mtu awe amerudi mahali pake. Mimi nane ilinikuta bado njiani.

Mwenzangu alikuwa Tata Ombati, fundi cherehani, jirani yetu. Tata kwa lugha yetu ni baba, na yeye ni rika la baba yangu. Kwetu mtu kama huyo humkazii macho. Ukimpa mkono unaulegeza, na wa kushoto unashika kiwiko cha mkono huo huo unaompa.

Basi nilifanya hivyo hivyo katikati ya densi.

Kila nikimpa mkono alinijibu, "Salama, mama. Nyumbani hawajambo?" Ukumbi mzima unacheka.

Mwalimu wa densi akasema Jumamosi inayofuata anachagua wanane wa kwenda kucheza Kisii. Asiyeweza kuzunguka atabaki. Mimi tangu shule sijawahi kuchaguliwa kwa chochote. Nilienda nyumbani nikilia.

Jumamosi hiyo Tata alifika mapema, akaniuliza kama nimewahi kubeba gunia la majani na mtu. Nikasema kila siku.

"Ukilegeza upande wako?"

"Tunaanguka wote."

"Basi mimi ndiye upande wa pili. Heshima utanipa tukitoka nje. Hapa nivute."

Nikakunja kiwiko kikaangalia chini, mkono imara bila kufinya, kila mmoja akaegemea nyuma kidogo.

Halafu nikamtazama. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Ana kovu dogo juu ya jicho. Nimemjua tangu utotoni na sikuwa nimeliona.

Nane ikatukuta tumesimama mahali petu. Hakuuliza habari za nyumbani.

Nilichaguliwa wa nane, yaani wa mwisho. Sijali.

Nje nilimpa mkono, nimeshika kiwiko, macho chini. Akasema, "Salama, mama. Nyumbani hawajambo?"

Nilichojifunza ni kwamba kuna mahali mkono uliolegea unamwangusha mwenzako, hata kama umeulegeza kwa adabu.

Sasa tumeanza kuzunguka kwa mikono miwili na naenda kombo tena. Anayejua, tafadhali aniandikie hapa chini. Nitajibu kila mtu, ila polepole.