Gauni la Dirishani

Kila tarehe mbili Februari, jiji zima la Salvador, huko Brazili, huvaa nyeupe na kuteremka ufukweni Rio Vermelho kumpelekea maua Yemanja, mama wa bahari. Jucineide naye huteremka, ila kwa nyeusi, na huishia kwenye ukuta wa ufukweni. Wenzake wakiingia majini, yeye hubaki akilinda kandambili zao. Amezilinda miaka nenda miaka rudi, mpaka ndugu zake wakadhani anaipenda kazi hiyo. Hawakujua jinsi roho ilivyokuwa ikimuuma. Ndotoni alikuwa na gauni jeupe, na maji yalimpokea hadi kiunoni bila kumuuliza kilo zake.

Jucineide alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene, mnene kwelikweli, na maduka ya nguo za wanene ya barabara ya Avenida Sete aliyajua yote. Yote yaliuza nyeusi. Nyeusi, kahawia, na buluu iliyokaribia kuwa nyeusi, utadhani mnene yuko matangani maisha yake yote. Duka moja lilikuwa na gauni jeupe dirishani, lenye lesi mabegani, limemkaa barabara mdoli mwembamba. Tangu kabla ya Krismasi alikuwa akipita hapo, akilitazama weee, kisha akijisemea sizitaki mbichi hizi na kwenda zake.

Mwaka huu, sikukuu ikiwa kesho, akaingia. Muuzaji aliitwa Railda, naye kwa mwili si haba. Akamtolea magauni meusi matupu. Jucineide akaulizia jeupe.

“Mama, nyeusi inaficha,” Railda akasema.

“Miaka yote nimejificha, shoga yangu. Sasa Yemanja ataniona lini?”

Railda akayaweka kando yale meusi. Kisha akamuuliza mbona halitaki lile la dirishani. Jucineide akacheka, akasema lile ni la vijiti, kama huyo mdoli mwenyewe. Railda hakubishana. Alipanda dirishani, akamgeuza mdoli mgongo.

Nyuma kulikuwa na vibanio vya kuanikia nguo, kuanzia shingoni hadi chini, vimekamata mzigo mzima wa kitambaa.

“Bosi hanunui midoli minene,” Railda akasema. “Nguo zetu zote tunazibana hivi.”

Akavitoa kimoja kimoja. Gauni likaanza kupumua, likafunguka, likamwagika pande zote mpaka mdoli akapotea ndani yake. Jucineide akalia palepale, barabara nzima ikimwona. Muda wote ule lilikuwa saizi yake.

Asubuhi ya sikukuu ndugu walivua kandambili kama kawaida, na mdogo wake Edmea akazirundika miguuni pake bila hata kumtazama. Jucineide akaziacha hapohapo, akaenda na waridi zake. Maji yalikuwa vuguvugu. Yakampanda magoti, mapaja, kiuno, taratibu, kama alivyozoea kuyaota. Ngoma za ufukweni zikawa mbali, na maua ya watu yakaelea ubavuni mwake. Gauni likaloa, likamganda mwili mzima, tumbo na makalio na yote aliyowahi kuyaficha.

Edmea akamfuata mbio, akaanza kumvuta kitambaa mgongoni.

“Dada, nguo imekushika. Watu wanaona.”

“Waache waone.”

“Na viatu analinda nani?”

Jucineide alikuwa amefumba macho, wimbi linakuja. Siku hiyo ukoo mzima ulirudi nyumbani pekupeku, yeye akiwa mbele, gauni likichuruzika maji njia nzima.